Mwaka Niliotangazwa Marehemu

Juma lililopita nilirudi kutoka Iyunga, kule Mbeya, tulikomzika rafiki yangu Ambakisye. Tangu nirudi hapa kwangu Mlandege, mjini Iringa, sijapata hamu ya kwenda shamba. Viatu nilivyozikia viko mlangoni na udongo wake, na kila nikitaka kuvisafisha mkono unakataa. Pale makaburini walisema mengi mazuri juu yake: sauti yake ya besi ambayo kwaya nzima ilikuwa ikiitegemea, migomba yake, ukali wake kwa watu wanaochelewa ibada. Hakuna aliyeutaja ule mwaka wetu. Wanaoujua kwa ukamilifu tulikuwa wawili, mmoja alikuwa kwenye jeneza na mwingine ameshika koleo. Basi nauandika mimi. Najua mtu akisimulia mwaka uliomfundisha maisha, wasomaji hutegemea kijana mwenye kifua kipana na nywele nyeusi. Wangu ulinikuta nimevuka sitini, meno ya nyuma yameshahama, na nilikuwa na hakika kwamba nimemaliza kukua. Ndio mwaka niliokufa kwa njia ya simu, nikafufuka mbele ya sufuria la pilau, nikaingia kwenye faili la polisi kama mwizi wa rambirambi zangu mwenyewe.

Lazima nianze na kuku, maana bila yeye habari hii haina kichwa. Mimi na Ambakisye tulisoma pamoja shule ya bweni, kitanda changu chini na chake juu, yeye Mnyakyusa na mimi Mhehe. Sijui kama makabila yetu yanatambuana kwa utani. Sisi tulikuwa watani kwa kuamua wenyewe. Yeye alisema Mhehe hawezi kufikiri mpaka apate ulanzi, ile pombe ya mianzi, nami nilisema Mnyakyusa akiona kioo hujiamkia. Jumapili moja kuku wa mwalimu mkuu alipotea njia akaingia bwenini, na hakutoka. Tulimchemsha kwenye kopo la rangi nyuma ya bweni, tukamla nusu mbichi, na hakuwa na chumvi. Kuiba kulitutisha kidogo, lakini kukosa chumvi kulituuma maisha yote. Mimi nilisema chumvi ilikuwa kazi yake. Yeye alisema ilikuwa kazi yangu. Tumehitimu kidato cha nne, tumeoa, tumezika wake zetu, na kila tulipokutana, kabla ya salamu za watoto, tulianza na swali la chumvi. Mbele ya watu wengine nilikuwa nimeshashindwa kesi hiyo, kwa sababu yeye alikuwa na sauti kubwa.

Sasa kosa langu la kwanza. Mwaka ule tuliambiwa laini zote zisizosajiliwa kwa alama za vidole zitafungwa. Karibu na stendi palikuwa na kijana chini ya mwavuli, msafi, mwenye adabu ya kupita kiasi. Alinipa kigoda akanipangusia kwa mkono wake. Jirani yake muuza dawa ya panya alikuwa na kipaza sauti kilichokuwa kikirudia bila kupumzika, “Dawa ya panya, dawa ya kunguni, dawa ya mende, akila anafia hapohapo!” hata ikabidi kijana aniinamie sikioni. “Baba yangu, weka dole gumba.” Nikaweka. “Haijasoma, weka tena.” Nikaweka. “Mikono ya wakulima hii,” akasema kwa huruma, “jembe limefuta alama. Weka tena, baba.” Nilijisikia vizuri kuambiwa mikono yangu ni ya mkulima, maana ukweli ni kwamba kazi kubwa ya shamba langu la Kalenga hufanywa na vibarua. Nikaweka mara nyingi alivyotaka. Niliondoka na laini moja. Ngapi zilibaki chini ya mwavuli kwa jina langu, sikuwaza kuuliza.

Kosa la pili lilikuja baada ya wiki chache. Nilipigiwa simu na mtu aliyejiita katibu wa waliosoma shule yetu. Alisema wanaunda grupu la wazee wote, tukumbukane kabla hatujaisha. Nilifurahi kama mtoto. “Nimekutumia namba sita, mzee wangu, nisomee tu nikuunganishe.” Nikavaa miwani, nikamsomea. Kwa kuwa nilifundishwa kusoma jambo zima na si nusu, nilimsomea hata maneno yaliyofuata, yaliyosema usimpe mtu yeyote namba hizi. “Hayo achana nayo, mzee,” akasema. Tukaagana kwa heshima. Na kwa kuwa sijui kufunga mdomo nikipewa heshima, nilimwambia kwamba nakwenda Kalenga kuvuna nyanya, kule shambani hakuna umeme, kwa hiyo grupu lisishangae nikikaa kimya siku mbili tatu. Muda mfupi baadaye simu iliniandikia kwamba akaunti yangu ya meseji imefunguliwa kwenye simu nyingine. Nilidhani ndiyo namna ya kunikaribisha.

Nikaenda Kalenga. Simu ikazima. Nilikula viazi vya kuchoma, nikalala kama mfalme, nikarudi mjini kwenye gari la nyanya, nimekaa juu ya matenga. Nilipokaribia kwangu niliona turubai. Nikamwambia dereva, “Hapa jirani pana msiba, punguza honi.” Nikashuka kwa adabu, nikapita njia ya nyuma ili nisiingie msibani na nguo za shamba. Uani kwangu kulikuwa na mafiga matatu, na jogoo wangu, ambaye nilimwacha akiwika, alikuwa ameshanyonyolewa. Nikasimama nyuma ya kuta za bafu la nje nikisikiliza ni nani amekufa. Mama Pendo, mpangaji wangu, alikuwa anakatakata vitunguu. “Alikuwa mtu mzuri,” alisema, “ila kodi akidai utadhani nyumba imejengwa kwa figo zake.” Mwingine akajibu, “Marehemu hasemwi vibaya.” “Simsemi vibaya, namsifu alikuwa anafuatilia.” Mzee mwenzangu wa kanisa, sauti yake naijua, aliuliza kama redio ya marehemu imeshapata mwenyewe. Nilikuwa bado namsikitikia huyo marehemu na redio yake mpaka niliposikia kilio cha besi kutoka sebuleni. Katika dunia hii besi ile ni moja. “Festo, nkamu gwangu, ndugu yangu! Festo, umeniacha na nani?”

Festo ni mimi. Nikakohoa. Sikukusudia kumtisha mtu, moshi wa kuni ulikuwa umeniingia. Mama Pendo aliinua macho, akaniona na tenga la nyanya begani, akaachia kisu. Baadhi ya kina mama walikimbilia barabarani, mmoja akaanza kukemea kwa jina la Yesu akininyooshea mwiko. Ambakisye alitoka akiwa amevua viatu, macho mekundu. Hakukimbia. Alinisogelea, akanishika masikio yote mawili kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. “Una joto,” akasema. “Kamwene,” nikamwamkia kwa Kihehe, maana sikujua niseme nini. Akanikumbatia mpaka nyanya zikapasuka kati yetu. Nakumbuka harufu ya koti lake, dawa ya nondo na sabuni ya kipande. Kama ningejua kwamba ule ndio utakuwa ukaribu wetu wa mwisho kwa miezi mingi, ningechelewa kuachia.

Nilivyokuja kuelewa ni hivi. Tanzia ilitumwa kwenye magrupu yote niliyomo, kutoka akaunti yangu mwenyewe, chini yake imeandikwa “Familia.” Ilisema nimefariki ghafla nikiwa shambani. Wanangu, ambao saa hiyo walikuwa kwenye basi kutoka Dar es Salaam, kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeandika. Vijana walitumwa hospitali kuuliza mwili, wakaambiwa mwili wa jina hilo haupo, nao wakahitimisha kwamba nimepelekwa hospitali nyingine. Chini ya tanzia palikuwa na namba ya kutumia rambirambi. Na hapo ndipo furaha ya ufufuko wangu ilipokatika, kwa sababu mzee wa kanisa, alipomaliza kunishika mkono kwa vidole viwili, aliuliza, “Sasa rambirambi zetu?” Mtu mmoja akatoa simu yake. Alipotuma, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji, nalo lilikuwa Festo Kikoti. Wote waliliona. Walidhani familia inatumia laini ya marehemu, jambo la kawaida. Sasa marehemu alikuwa amesimama mbele yao anakula kipande cha nyanya.

Ambakisye ndiye aliyeumia kuliko wote. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba huko Iyunga, akaichangisha kwaya, akawachangisha mpaka wasionijua, akaja na ndugu zake watatu na mikungu ya ndizi juu ya basi. “Umekufa kwa jina lako,” akasema, “hela zimeingia kwa jina lako, umefufuka kwa jina lako. Huyo mwingine nimtafute wapi?” Nikamwambia, “Amba, mimi nilikuwa nyanyani.” “Watu wa Mbeya nitawaambia nini? Kwamba nimewaliza kwa ajili ya mtu anayevuna nyanya?” Nilikosea kucheka. Nilicheka kwa hofu, lakini kicheko hakina maelezo pembeni. Akavaa viatu vyake, akawaambia ndugu zake kwa Kinyakyusa jambo ambalo sikulielewa, wakaanza kuibeba ile mikungu kutoka jikoni kwangu, mmoja baada ya mwingine, kuirudisha stendi. Mkungu mmoja ulikuwa umeshamenywa nusu. Aliuchukua hivyohivyo.

Walalamikaji walikwenda polisi, na siku chache baadaye nikaitwa, nikaambiwa nije na simu yangu kwa uchunguzi. Hapo nikafanya kosa la tatu, ambalo mpaka leo nikilisimulia kwa vijana wananishika bega. Mimi nimelelewa kwamba mtu haendi ofisi ya serikali na kitu kichafu. Ukienda hospitali unaoga kwanza. Ukiitwa shuleni kwa mwanao unapiga pasi. Nikaitazama simu yangu: kioo kimejaa alama za ugali, ndani mna picha za nyanya, mna nyimbo, mna video moja ya mchungaji akianguka kwenye tope ambayo nisingependa afande aione. Nikaipeleka kwa fundi simu hapa Mlandege. “Isafishe ndani na nje,” nikamwambia, “inakwenda kwa wakubwa.” Akauliza, “Ndani kabisa, mzee?” “Kabisa. Iwe kama imetoka dukani.” Alifanya kazi nzuri. Aliifuta mpaka simu ikaniuliza naitwa nani.

Afande aliyenipokea alikuwa Koplo Neema, mwanamke mwenye sweta la kijani na subira ya mwalimu wa darasa la kwanza. Chumba chake kilikuwa na kompyuta mbili, birika la umeme, na kabati la chuma lenye simu za watu, kila moja kwenye mfuko wake ulioandikwa namba, kama maiti. Niliiweka simu yangu mezani, imefungwa kwenye leso safi. Akavaa glavu, akaiwasha, akaipekua. “Mzee wangu, simu hii ni mpya?” “Hapana, mwanangu, nimeisafisha.” “Umeisafisha.” “Kwa heshima yenu.” Akavua glavu taratibu, kidole kimoja kimoja. Akanieleza kwamba humo ndani mlikuwa na meseji ya zile namba sita, na kumbukumbu ya yule aliyenipigia, na lile tangazo la akaunti kuhama, na kwamba vitu hivyo ndivyo vingesema kwamba mimi niliibiwa. “Kufuta huwa si kufuta kabisa, mara nyingi tunavirudisha,” akasema, “lakini fundi wako huyu, Mungu ambariki, hakuacha hata mfupa.” Halafu akaongeza jambo moja. Mtu aliyefuta simu siku moja kabla ya uchunguzi, kwa macho ya sheria, anafanana sana na mwizi.

“Tunahitaji simu ya mtu aliyeipokea hiyo tanzia,” aliendelea, “na aliyeongea na huyo mtu baadaye. Wengi niliowauliza hapa wameshafuta kwa hasira. Nani hafuti?” Nilijua jibu kabla hajamaliza. Ambakisye hafuti kitu. Simu yake ilikuwa na kila picha ya maua ya “asubuhi njema” aliyowahi kutumiwa tangu anunue simu. Akipokea salamu ya Pasaka huihifadhi mpaka Pasaka nyingine aitumie kwa watu wengine. “Yupo,” nikasema, “ila hatusemezani.” “Basi semezaneni. Nami ninaweza kumwandikia hati aje, lakini mzee wa watu kuletewa hati akiwa ndiye aliyetapeliwa, si vizuri. Mlete mwenyewe. Na mwambie simu ije ilivyo. Isiguswe, isisafishwe, isiombewe.”

Ningekwenda Mbeya kesho yake, leo ningekuwa na majuto machache. Nilimwambia afande wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema mahindi. Baada ya mahindi nikasema mvua. Ukweli ni kwamba kila nilipofikiria ile mikungu inatoka jikoni kwangu, niliona mimi ndiye niliyekosewa: mtu aliyenijua tangu bwenini angewezaje kuamini? Nilisubiri aje aniombe radhi. Naye, nilikuja kujua, alikuwa anasubiri niende nijieleze. Miezi ikapita hivyo, wazee wawili, kila mmoja amekaa kwenye kigoda cha heshima yake. Kanisani walinipumzisha uzee wa kanisa “mpaka mambo yakae sawa.” Mama Pendo alianza kunilipa kodi mbele ya shahidi. Mwishowe Koplo Neema akanipigia. “Babu, nimechoka kukubembeleza. Nikilipeleka faili kwa mwendesha mashtaka lilivyo, lina jina moja tu, na ni lako.” Nikapanda basi asubuhi iliyofuata. Naandika hili wazi ili lisomeke: sikwenda kwa ajili ya urafiki. Nilikwenda kwa sababu ya simu.

Nyumba ya Ambakisye iko karibu na barabara kuu, na malori ya Tunduma yakipita vikombe hutetemeka kabatini. Sebule yake naipenda mpaka leo: viti vyenye vitambaa vya kusuka, kalenda ya kanisa, picha ya marehemu mkewe na kando yake picha yetu ya shule, mimi nimefumba macho. Binti yake Tupoki alinifungulia. “Shikamoo, baba mdogo.” Ambakisye alikuwa amekaa chini ya picha ile ile. Hakuniangalia. “Tupoki,” akasema, “mwambie marehemu akae.” Nikakaa. “Mwulize marehemu kama anakunywa chai, au huko alikotoka hawanywi.” “Nakunywa,” nikasema. “Tupoki, amesemaje?” “Baba, amesema anakunywa.” Tulikula hivyo, ndizi za nyama na maharage, mtoto wa watu akiwa mkalimani kati ya watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa. Nilieleza habari ya namba sita. Nilieleza kidole. Nilipofika kwenye kusafisha simu, niliona mdomo wake unacheza. “Tupoki,” akasema, na sauti ilikuwa inamponyoka, “mwulize marehemu, aliisafisha kwa sabuni gani?” Tupoki alikimbilia jikoni akacheka peke yake. Lakini yeye alijikaza. Alikubali kuja Iringa, kwa sharti moja: simu yake haitoki mkononi mwake kwenda kwa mtu asiyemjua bila yeye kuwepo.

Baada ya siku mbili tulikaa kwenye benchi la korido ya polisi Iringa, yeye kona ile na mimi kona hii, katikati begi lake. Kabla ya yote Koplo Neema aliikatia simu mawasiliano, akaipiga picha pande zote, akamweleza kwamba hasomi kwenye simu yenyewe, anatoa nakala nzima kwanza, na nakala hiyo mashine inaitolea namba ndefu. “Ikibadilika hata nukta moja ndani, namba inakuwa nyingine. Ndiyo alama yake ya kidole.” Ambakisye akanitupia jicho. “Umesikia? Hata simu inajua kutunza kidole chake.” Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kuniambia moja kwa moja tangu nyanya. Kunakili kulichukua kutwa. Afande alitoka mara kwa mara, amekunja uso. “Mzee, haya maua yote ya nini?” “Yanaweza kuhitajika,” akajibu. Mchana tulinunuliana mahindi ya kuchemsha. Mimi nilimnunulia yeye, yeye akaninunulia mimi, ili mtu asidaiwe. Muuzaji alituwekea chumvi kwenye kipande cha gazeti. Tuliitazama ile chumvi. Benchi lilitikisika kidogo upande wake.

Jioni ilipokaribia tuliitwa ndani. Koplo Neema alituonyesha kwenye kioo kikubwa mstari mdogo wa manjano, ule ambao hakuna mtu anayeusoma, uliosema kwamba usalama wa mazungumzo na Festo umebadilika. “Maana yake akaunti imehamia simu nyingine. Na tazama, umekuja kabla ya tanzia. Aliyeandika tanzia hakuwa na simu ya babu huyu.” Kisha akaweka ujumbe wa sauti. Ambakisye, kumbe, siku ile ya msiba alikuwa amemsumbua yule “mwanafamilia”, kwenye namba ile ya rambirambi, kwa maswali kama Mnyakyusa halisi: kaburi linachimbwa wapi, mchungaji ni nani, nani ameleta ng'ombe. Mwizi alichoka kuandika, akajibu kwa sauti. “Baba mkubwa, tunashukuru sana, mwili bado uko hospitali.” Na nyuma yake, mbali lakini wazi: “Dawa ya kunguni, dawa ya mende, akila anafia hapohapo!” Nikaruka kitini. “Mwavuli!” nikasema. Afande akanikalisha. Alisema kelele peke yake haimfungi mtu. Lakini kampuni ya simu, kwa amri ya mahakama, ilikuwa imeshamletea taarifa kwamba laini ya rambirambi iliwashwa kwenye simu ambayo kabla yake iliwekwa laini nyingi, zote za wazee, zote zilizosajiliwa na wakala mmoja. Sauti ile ilimwonyesha tu aanze kugonga mlango upi.

Nilidhani tumemaliza. “Kuna sehemu moja nahitaji mzee Ambakisye athibitishe kwamba ni yeye aliyeandika,” afande akasema. “Baada ya tanzia, ulituma meseji kwenye akaunti ya marehemu mwenyewe. Si kwa familia. Kwa marehemu.” Ambakisye alisimama. “Hizo si ushahidi.” “Zote ni ushahidi, mzee.” “Hizo ni za mtu na maiti yake!” Lakini zilikuwa zimeshafunguka kwenye kioo kikubwa, na miwani nilikuwa nimeivaa. Aliandika akiwa kwenye basi la kuja kunizika. Nazikumbuka neno kwa neno. *Festo. Najua husomi. Chumvi nilikuwa nayo mimi. Ilikuwa mfukoni. Niliilamba yote njiani nikirudi kutoka jikoni kwa sababu nilikuwa na njaa, nikaona aibu kusema. Halafu miaka ikawa mingi. Nisamehe, nkamu. Kuku yule angekuwa mtamu.*

Koplo Neema aliomba radhi, akasema anakwenda kuchemsha maji, na birika lilikuwa pale pale mezani. Tulibaki wawili. Ambakisye alikuwa ameikazia macho soketi ya umeme. “Ulisoma,” akasema. “Nimesoma.” “Basi ndiyo hivyo.” Nilitaka kumwambia kwamba mtu aliyelamba chumvi ya watu wawili hana haki ya kumwita mwenzake mwizi. Nilikuwa nimeshalipanga vizuri kabisa. Badala yake nikalia, naye akalia kwa ile besi yake, askari wa mapokezi akafungua mlango akidhani mshitakiwa anapigwa.

Kijana wa mwavuli alikamatwa, na mahakamani alikiri. Siku ile alipopandishwa kizimbani aliniona, akainama kwa adabu ile ile. “Shikamoo, baba yangu.” Nami, mbele ya hakimu, nikaitika, “Marahaba, mwanangu.” Ambakisye hakunisamehe marahaba hiyo. Hela za watu nyingi hazikurudi, lakini uzee wa kanisa nilirudishiwa, na Mama Pendo akarudi kunichelewesha kodi bila shahidi, nikajua mambo yamekaa sawa. Koplo Neema alipotuaga alitushauri tuwe na neno letu la siri, ili mtu akija kwa jina la mmoja wetu, mwingine amjaribu. Hatukuhitaji kufikiri. Swali ni, “Chumvi ilikuwa wapi?” Jibu ni, “Mfukoni.” Kuanzia hapo hatukuanza mazungumzo bila hilo, hata kama ni kuulizana bei ya mbolea. Aliahidi kuja kula kuku kwangu, wa halali, mwenye chumvi. Nikaahidi kwenda kwake nikimaliza mahindi. Mahindi hayaishi. Tulikuwa tunaulizana kwenye simu, na nilidhani hiyo inatosha.

Asubuhi moja, siku chache kabla ya mazishi yale ya Iyunga, ujumbe uliingia kutoka namba ya Ambakisye. Ilikuwa tanzia. Jina lake, umri wake, chini yake imeandikwa “Familia.” Sikushtuka hata kidogo. Nilicheka peke yangu, nikasema, safari hii wamemkosea mtu. Nikavaa miwani, nikatafuta ule mstari wa manjano, haukuwepo. Sikujali. Nikaandika: *Chumvi ilikuwa wapi?* Nikaiweka simu mezani, nikamimina chai, nikamsubiri mwizi ababaike. Alama zikageuka bluu. Juu ikaonyesha kwamba mtu anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena. Chai ilianza kupoa. Kisha jibu likaja.

*Baba mdogo, ni mimi Tupoki. Chumvi gani?*